Spika za kwanza za mezani kwa bajeti ndogo: kuchagua, kufunga na kupanga

Ukiingia duka la vifaa vya sauti Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, ukasema unataka spika za kompyuta, mara nyingi utaonyeshwa sabufa: boksi moja kubwa la kuweka chini, spika mbili ndogo za pembeni, taa za rangi, rimoti, redio ya FM, na namba kubwa ya wati mbele. Kwa sebule au banda la kuangalia mpira, sabufa inafanya kazi yake. Lakini wewe unakaa mbele ya meza, masikio yako yakiwa sentimita 70 tu kutoka kwenye spika. Hapo fedha ileile ikinunua spika mbili zenye koni nzuri (ile sehemu ya mviringo inayotikisika kutoa sauti), bila sabufa, utapata sauti safi zaidi.

Sababu yake ni hii. Spika ndogo za pembeni za sabufa ya bei nafuu huwa na koni moja ya inchi 2.5 au 3, na haziwezi kushuka chini ya hezi 150 au 200 (hezi ni mitetemo kwa sekunde; namba ikiwa ndogo, sauti ni nzito) kwa nguvu ya maana. Kwa hiyo lile boksi la chini linalazimika kubeba sauti mpaka huko juu. Sauti ya mwanaume anayezungumza inaanzia hapo kati ya hezi 85 na 180. Matokeo yake, nusu ya sauti ya msoma habari inatoka mbele yako na nusu inatoka chini ya meza karibu na miguu. Kosa hilo halirekebishwi kwa kuzungusha kitufe chochote. Halafu kuna jirani: besi nzito hupita kwenye ukuta wa tofali kirahisi kuliko sauti nyingine yoyote, na kwenye vyumba vya kupanga hilo huleta ugomvi mapema.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu wa spika mbili.

Hatua ya 1: Pima meza kabla ya kuhesabu fedha

Chukua futi kamba upime vitu vitatu: upana wa meza, kina chake, na nafasi iliyopo kati ya meza na ukuta wa nyuma. Skrini ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 au 54. Spika ya mezani yenye koni ya inchi 4 ina upana wa karibu sentimita 15, kimo cha karibu 24 na kina kinachokaribia 20. Spika mbili pamoja na skrini ni sentimita 84, hujaweka nafasi ya kupumua. Meza ya mita moja inatosha. Meza ya sentimita 80 haitoshi, labda uipandishe skrini ukutani au utumie laptop peke yake katikati. Watu wengi hununua kwanza, kisha wanaishia kuiweka spika moja juu ya meza na nyingine dirishani, na hapo hata spika ya bei kubwa haisaidii.

Pima pia urefu wa waya utakaohitaji. Spika nyingi za aina hii zina amplifaya (kikuza sauti) ndani ya boksi moja tu, la kulia au la kushoto, na boksi la pili linapata sauti kwa waya kutoka kwa mwenzake. Waya unaokuja kwenye kasha aghalabu ni mfupi. Angalia kama unachomekwa kwa waya mtupu wa kawaida, ambao unaweza kuubadilisha na mrefu zaidi, au kwa plagi ya pekee ambayo dukani hutaipata.

Hatua ya 2: Gawa fedha

Ukinunua spika zenye amplifaya ndani, tenga sehemu nne kati ya tano za bajeti kwa spika zenyewe. Sehemu ya tano iliyobaki ni ya kebo, kinga ya umeme na kitu cha kuziinulia. Ukinunua spika tupu na amplifaya ya pembeni, nusu iende kwenye spika, theluthi kwenye amplifaya, na kilichobaki kwenye adapta na waya. Usitoe hata shilingi kwa ajili ya taa, rimoti au nafasi ya kadi ya memori. Kila kimoja kati ya hivyo kimelipiwa kwa kupunguza ubora wa koni au wa boksi.

Hatua ya 3: Soma maandishi ya nyuma ya boksi

Namba ya wati iliyo mbele ya kasha haina kazi, hasa ikifuatiwa na herufi PMPO. Hakuna kanuni inayomlazimisha mtengenezaji kuipima kwa njia moja, ndiyo maana utakuta kifaa cha ukubwa wa kiatu kimeandikwa wati elfu kadhaa. Tafuta herufi RMS, yaani wati za kudumu. Usipoziona, geuza boksi usome lebo ya umeme. Kama lebo inasema kifaa kinatumia wati 50, hakiwezi kutoa wati 1,000 za kudumu kwenye spika. Hata hizo 50 hazifiki zote, maana nyingine zinapotea kama joto.

Kwa kifaa chenye adapta hesabu ni rahisi: zidisha volti kwa ampea. Adapta ya volti 12 na ampea 2 ni wati 24, na hapo ndipo mwisho wake. Spika za kuchomeka kwenye USB ya kawaida zinapata volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5, kwenye USB 3 ni ampea 0.9, yaani wati 4.5.

Na unahitaji wati ngapi? Chache kuliko unavyodhani. Angalia namba ya usikivu wa spika: nyingi za mezani ziko karibu na desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Ukisogea mpaka sentimita 70 unaongeza desibeli 3, na spika ya pili inaongeza nyingine 3 hivi. Wati moja tu kila upande inakupeleka kwenye desibeli 90 au zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki. Kwa hiyo kazi ya siku nzima unaifanya kwa sehemu ndogo ya wati moja. Wati nyingine zinahitajika kwa ajili ya mapigo ya ghafla ya ngoma, ambayo yanaweza kudai nguvu mara 10 au zaidi ya wastani wa wimbo. Wati 15 hadi 20 za RMS kila upande zinatosha kwa meza yoyote.

Kilicho muhimu zaidi ya wati ni ukubwa wa koni na kuwepo kwa twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Hata koni nzuri ya inchi 3 huanza kuishiwa nguvu karibu na hezi 100. Ya inchi 4 kwenye boksi lenye tundu la besi hushuka mpaka 60 au 70. Waya mnene wa gitaa la besi unatoa hezi 41, kwa hiyo hakuna spika ya meza ya bei nafuu itakayokupa noti hiyo yote. Unaitambua kwa sababu mlio wake wa pili, hezi 82, unasikika, na sikio linajaza pengo lenyewe. Ndiyo maana spika ya inchi 4 inaridhisha kwa muziki wa dansi na taarabu bila sabufa. Kwa anayesikiliza singeli na nyimbo za besi ya kompyuta inayoshuka mpaka hezi 40, pengo litaonekana. Lakini hata huyo, boksi la besi la bei rahisi litamchanganyia mapigo ya haraka yawe mngurumo mmoja.

Hatua ya 4: Chagua njia moja kati ya tatu

*Njia ya USB.* Hii ni ya mwenye fedha kidogo sana au meza ndogo. Mfano mzuri ni Creative Pebble ya kwanza: koni za inchi 2.25, jumla ya hadi wati 4.4 za RMS kwa hesabu ya mtengenezaji, umeme kutoka USB na sauti kutoka jeki ya 3.5 mm. Koni zimeelekezwa juu kwa nyuzi 45, jambo linalosaidia sana kwa kuwa zinalenga usoni badala ya kulenga kifua. Kwa mikutano, masomo, filamu na muziki wa sauti ya chini zinatosha. Usitarajie besi, na usiongeze besi kwa programu, maana koni ndogo hivyo itakwaruza tu.

*Njia ya spika zenye amplifaya ndani, koni ya inchi 4.* Hapa ndipo tunapomshauri mtu asimame kama bajeti inaruhusu. Edifier R1280T inajulikana sana: koni ya inchi 4, twita ya milimita 13, wati 21 kila upande, milango miwili ya RCA (ya plagi nyekundu na nyeupe), na vitufe vya besi na treble (sauti nyembamba) ubavuni. R1280DB inaongeza Bluetooth na mlango wa kebo ya mwanga. Edifier MR4 ina koni ya inchi 4 na twita ya inchi moja, na imelengwa zaidi kwa watu wanaorekodi au kuhariri sauti. Ukiona bei ya Marekani mtandaoni, huku ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Kama unachagua kati ya yenye Bluetooth na isiyo nayo, usilipe sana kwa ajili yake: Bluetooth huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Kwa muziki haina neno, ila kwa michezo ya kompyuta na kuhariri video inaudhi.

*Njia ya spika za mtumba na amplifaya ndogo.* Hii inadai kazi zaidi lakini inaweza kukupa sauti bora kuliko zote mbili kwa fedha kidogo. Unatafuta spika mbili za redio ya zamani ya mezani, zile zenye boksi la mbao, koni ya inchi 4 hadi 5 na twita tofauti, zilizoandikwa omu 6 au 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Spika tupu hazijali umeme wa nchi zilikotoka. Redio yenyewe au amplifaya ndiyo inayojali. Vifaa vya Japani ni vya volti 100 na vya Marekani ni vya volti 120. Ukivichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 vinaungua papo hapo. Vya Uingereza havina tatizo. Kama amplifaya ni ya Japani, lazima ununue transfoma ya kushusha umeme, na gharama yake mara nyingi inaondoa unafuu wote. Achana nayo, nunua spika tu.

Amplifaya ya kuendesha spika hizo inaweza kuwa kile kiboksi kidogo chenye chipu ya TPA3116D2 ya kampuni ya Texas Instruments. Chipu hiyo inafanya kazi kati ya volti 4.5 na 26. Hapa adapta ndiyo inayoamua nguvu. Kanuni ya makadirio: volti mara volti, gawanya kwa mara mbili ya omu. Kwa volti 12 na spika ya omu 8 unapata wati 9. Kwa volti 19 unapata wati 22. Volti 19 ndiyo adapta ya laptop nyingi, ile ya ampea 3.42 inayotoa wati 65, nayo mafundi wanayo kwa wingi. Kabla ya kuchomeka, hakikisha kwa multimita kwamba chanya iko ndani ya pini na hasi iko nje, na kwamba pini inaingia bila kulegea, kwa kuwa pini za laptop zinatofautiana ukubwa.

Onyo moja kwenye amplifaya za aina hii: waya mweusi wa spika ya kulia na mweusi wa spika ya kushoto visigusane kamwe, wala visiunganishwe na bodi ya chuma. Kwenye redio nyingi za zamani hasi zote mbili zilikuwa waya mmoja. Kwenye chipu hizi hasi nazo zinabeba sauti, na ukiziunganisha unaua amplifaya.

Hatua ya 5: Jaribu dukani

Nenda na simu yenye nyimbo tatu zilizopakuliwa kabisa, zisitegemee bando: moja ya sauti ya mtu pekee au mazungumzo, moja ya ala nyingi kama taarabu yenye kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na fidla, moja yenye besi unayoifahamu vizuri. Weka pia programu ya kutoa mlio wa hezi unazochagua, zipo za bure. Muuzaji atawasha sauti mpaka mwisho na besi imepandishwa, kwa sababu dukani kelele ndiyo inayouza. Mwombe kwa upole: "Kaka, samahani, naomba weka besi na treble katikati, halafu punguza sauti kidogo nisikilize."

Anza bila wimbo wowote, kitufe cha sauti kikiwa juu. Sogeza sikio karibu na twita. Mlio mwembamba wa shhh ukiwa karibu kabisa ni wa kawaida. Mvumo unaosikika ukiwa umekaa umbali wa meza si wa kawaida. Kisha shusha sauti mpaka iwe ndogo sana: pande zote mbili zinatakiwa zibaki sawa. Kwenye vitufe vya bei rahisi upande mmoja hupotea kabla ya mwingine, na kwa mtu anayefanya kazi usiku kimyakimya hilo ni kero ya kila siku.

Weka mazungumzo. Sauti ya mtu isimame katikati kati ya spika mbili, kama hakuna kitu kwenye spika zenyewe. Sikiliza herufi s na sh: zikichoma sikio, zitachoma zaidi baada ya saa mbili. Weka wimbo wa besi usikilize kama unaweza kutofautisha noti moja na nyingine. Boksi bovu hutoa dum ileile kwa kila noti. Mwisho, pandisha mlio polepole kutoka hezi 50 hadi 200 kwa sauti ya wastani. Kitu chochote kilicholegea, iwe wavu, skrubu au ukuta wa boksi, kitajitaja hapo kwa kutetemeka.

Kwa spika za mtumba ongeza haya. Toa wavu wa mbele. Gusa ukingo wa koni: kama ni wa sponji na unabaki kidoleni kama vumbi au unanata, umeoza, joto na unyevu wa pwani huua sponji haraka. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Weka vidole vinne kuzunguka kofia ya katikati ya koni, sukuma ndani taratibu na kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inasugua sumaku, usiinunue. Pima kwa multimita: spika ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, ya omu 4 husoma 3 na kitu. Mbili zikitofautiana zaidi ya nusu omu, moja ilishabadilishwa koili. Twita kwenye boksi la zamani hujificha nyuma ya kapasita (kifaa kidogo kinachozuia besi isifike kwenye twita), hivyo multimita haitaiona. Funga bomba la karatasi sikioni, lielekeze kwenye twita muziki ukipiga, uhakikishe inalia kweli.

Hatua ya 6: Kufunga

Kila kitu kizimwe kwanza. Kama ni kompyuta ya mezani, chomeka kwenye tundu la kijani la nyuma, si la mbele. Tundu la mbele linapitisha sauti kwenye waya mwembamba ndani ya kasha, karibu na vipande vinavyotoa kelele za umeme. Kama laptop yako ina jeki inayofanya kazi, itumie, usikimbilie kununua kadi ya sauti ya USB. Kadi hiyo inunuliwe pale tu jeki imekufa au ina kelele isiyoondoka.

Kwa spika tupu, waya wa shaba wa 0.75 mm² unatosha. Kwa urefu wa mita 3 unapoteza omu 0.14 tu kwenda na kurudi, ambayo mbele ya omu 8 si kitu. Waya pacha wa taa wa kawaida unafanya kazi hiyo bila kasoro. Menya sentimita moja, sokota nyuzi zote, hakikisha hata uzi mmoja hautokezi kugusa upande wa pili.

Nyekundu iende nyekundu, nyeusi nyeusi, pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, besi inapotea na sauti ya mtu inasambaa, huijui inatoka wapi. Kama rangi zimefutika, chukua betri ya volti 1.5, gusisha waya za spika kwa muda mfupi: koni ikisogea mbele, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Umeme nao una yake. Ukikatika, zima swichi ya spika, usisubiri urudi. Umeme unaporudi huja na mruko, na mruko huo ndio unaoua usambazaji wa umeme ndani ya boksi. Kinga ya kuchelewesha, kama zile zinazotumika kwa TV, ni fedha iliyotumika vizuri.

Hatua ya 7: Kupanga mezani

Hii ndiyo hatua isiyo na gharama na yenye faida kubwa kuliko zote. Spika ya wastani iliyopangwa vizuri inaishinda nzuri iliyotupwa pembeni.

Chukua uzi. Umbali kutoka twita hadi twita uwe sawa na umbali kutoka kila twita hadi kichwani kwako. Kama ni sentimita 80 kati ya spika, kaa sentimita 80 kutoka kila moja. Zigeuze kidogo zikuangalie. Ukicheza mazungumzo, sauti ikisimama katikati ya skrini umepatia.

Sasa kimo. Meza ya kawaida ni sentimita 75, na masikio ya mtu aliyekaa yako karibu 115 hadi 120 kutoka sakafuni. Twita ya spika ya inchi 4 ikikaa mezani iko kama sentimita 20 juu ya meza, wakati sikio liko juu kwa 40 na zaidi. Twita inalenga kifuani, na treble yote inapita chini yako. Ama uinue spika kwa sentimita 15 hadi 20, ama uilaze nyuma kwa nyuzi 15 hivi. Kwa boksi lenye kina cha sentimita 18 hadi 20, nyuzi 15 unazipata kwa kunyanyua ukingo wa mbele kwa sentimita 5. Kata vipande vya sponji ya kandambili za zamani, pandanisha, weka chini ya ukingo wa mbele. Havitelezi, na vinazuia meza isitetemeke pamoja na spika. Meza ya mbao nyepesi inayotetemeka ndiyo chanzo cha ule uzito wa matope unaofunika sauti za waimbaji.

Kama tundu la besi liko nyuma, acha angalau sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani. Ukikosa nafasi, ziba tundu kwa soksi. Besi itapungua, lakini itakayobaki itakuwa nyoofu. Epuka pembe ya chumba: kona inakuza besi kiasi cha kufunika kila kitu. Kama meza lazima ikae konani, basi angalau spika zote mbili ziwe na umbali sawa na ukuta wa karibu, kadiri inavyowezekana.

Halafu piga kofi moja katikati ya chumba. Chumba cha tofali kilichopigwa lipu, sakafu ya vigae na bila dari kitakujibu kwa mlio mkali. Pazia zito, mkeka au zulia chini ya kiti, na kitanda chenye godoro nyuma yako vinanyonya mwangwi huo kuliko kifaa chochote utakachouziwa.

Hatua ya 8: Sauti kwenye kompyuta

Zima nyongeza zote za sauti kwenye Windows na kwenye programu ya kadi ya sauti. Weka sauti ya kompyuta kati ya asilimia 80 na 100, kisha tumia kitufe cha spika kupandisha na kushusha. Ukifanya kinyume, kompyuta chini na spika juu, unakuza kelele pamoja na wimbo.

Kama besi inavuma kwa sababu ya meza, sakinisha ekolaiza, yaani programu ya kupandisha na kushusha sehemu moja moja ya sauti: Equalizer APO kwa Windows au EasyEffects kwa Linux, zote ni bure. Punguza desibeli 3 au 4 kati ya hezi 120 na 200. Kupunguza ni salama. Ukilazimika kuongeza mahali, shusha sauti ya jumla ya ekolaiza kwa kiwango kilekile, la sivyo vilele vya wimbo vitakatwa na utasikia sauti inapasuka hata kama spika ni nzima.

Kelele zinazojitokeza na zinakotoka

*Mvumo wa chini usiokoma.* Chomoa chaja ya laptop, ibaki kwenye betri. Mvumo ukiisha, tatizo ni mzunguko wa waya wa ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini): chaja ina pini tatu, kifaa kingine nacho kina pini tatu, na ethi zinakutana kupitia kebo ya sauti. Hutokea sana ukitumia adapta ya laptop kuendesha amplifaya ndogo, huku laptop nayo iko kwenye chaja yake. Kwanza chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, badilisha adapta ya amplifaya iwe ya pini mbili, au weka kitenganishi cha transfoma ndogo kwenye kebo ya 3.5 mm. Usikate pini ya ethi wala kuikwepa kwa adapta ya plagi. Pini hiyo ndiyo inayokulinda umeme ukivuja.

*Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi.* Ni kelele ya USB. Kwa spika za USB, chukua umeme kutoka chaja ya simu badala ya kompyuta.

*Upande mmoja umenyamaza.* Badilishana waya za kulia na kushoto zinazotoka kwenye chanzo. Ukimya ukihama, kosa ni kebo au kompyuta. Usipohama, kosa liko kwenye spika au amplifaya. Zaidi ya yote angalia jeki ya 3.5 mm kama imeingia mpaka mwisho.

*Sauti inakata ukiipandisha, kisha inarudi.* Adapta ni ndogo. Pigo la ngoma linavuta ampea kuliko uwezo wake, inajizima, inaanza tena.

*Mkwaruzo ukizungusha kitufe.* Ni vumbi ndani ya kitufe. Kizungushe kutoka mwanzo hadi mwisho mara kadhaa spika zikiwa zimezimwa. Ukirudi, fundi redio anakisafisha kwa dawa ya kupuliza.

*Treble imepotea ghafla.* Twita imeungua, na kwa kawaida imeuawa na amplifaya ndogo iliyosukumwa mpaka sauti ikapasuka. Ukibadilisha twita, ziondolewe mbili na ziwekwe mbili za aina moja, na kapasita ya zamani ibadilishwe na yenye namba ileile. Ukiipunguza namba hiyo, twita haitapata sauti za chini inazopaswa kubeba. Ukiizidisha, utazisukumia besi na zitaungua tena.